Daraja Likipanuliwa, Mguu Upite Wapi?

Kabla mhandisi hajachora mstari wowote wa daraja linalotakiwa kupanuliwa, kuna karani aliyekaa kando ya barabara na fomu mapajani. Niliwahi kuwa karani huyo, katika mradi mmoja wa mashariki mwa Uganda, na fomu yetu ilikuwa na safu ya pikipiki, ya magari madogo, ya pikapu, ya teksi za abiria 14, ya mabasi, kisha safu kadhaa za malori kulingana na idadi ya ekseli. Safu ya mwisho iliandikwa "Mengineyo". Humo nilitakiwa kuingiza baiskeli, mikokoteni, mifugo na watu wanaotembea kwa miguu, wote kwa alama moja ya kalamu. Mwanamke aliyebeba mkungu wa matoke kichwani na mtoto mgongoni alikuwa alama moja, na mbuzi aliyemfuata naye alikuwa alama moja.

Ofisini hesabu hiyo hupitishwa kwenye kanuni inayogeuza kila chombo kuwa sawa na magari madogo kadhaa: lori refu huhesabiwa kama magari madogo mawili, matatu au zaidi, na pikipiki huwa sehemu tu ya gari. Jumla inayopatikana ndiyo inayoamua daraja lipewe njia ngapi za magari na kila njia iwe na upana gani. Mwenda kwa miguu hana thamani katika kanuni hiyo. Kwa hiyo, hata karani akiwa mwadilifu kiasi gani, mtu huyo hupotea kati ya barabara na meza ya mhandisi, na hurudi baadaye katika mchoro akiwa amepewa upana uliobaki baada ya wengine wote kuhudumiwa. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya lawama tunazowatupia wakandarasi, na hata madereva, inapaswa kuanzia hapa kwenye safu ya mwisho ya fomu.

Nimelelewa Walukuba, Jinja, mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, ambako mtoto wa Msoga, wa Mjaluo, wa Msamia na wa Mwacholi walicheza na kugombana kwa Kiswahili. Mtu wa Jinja hawezi kukua bila kufikiri juu ya kuvuka, kwa sababu ng'ambo ya mto, upande wa Njeru, ndiko kulikokuwa na kiwanda cha nguo na kiwanda cha bia, na kati yetu na mishahara hiyo ulipita Mto Nile. Kwa miaka zaidi ya 60 barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala ilivukia juu ya Bwawa la Nalubaale, lililoitwa Owen Falls wakati Malkia Elizabeth II alipolifungua mwezi wa Aprili 1954. Bwawa hilo lilijengwa kuzalisha umeme, na barabara ilipanda mgongoni mwake kwa sababu mgongo ulikuwapo. Malori ya mafuta na makontena ya kwenda Rwanda, Kongo na Sudan Kusini yote yakaja kupita hapo, kwenye njia mbili nyembamba, huku mfanyakazi wa zamu ya alfajiri akijibana ukingoni na baiskeli yake. Askari waliokuwa wakilinda bwawa walikataza kupiga picha, na labda ndiyo sababu msongamano ule haukuacha kumbukumbu nyingi za picha kadiri ulivyostahili.

Daraja jipya la Chanzo cha Nile lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, likiwa limejengwa kwa mkopo wa Japani. Lina urefu wa mita 525, na sehemu yake ya kati, yenye mita 290, imening'inizwa kwa nyaya zinazoshuka kutoka kwenye minara. Watu walikuja kulitazama kwa fahari, na nilikuwa miongoni mwao. Kwa madhumuni ya makala haya, jambo la kuangalia ni dogo kuliko nyaya: daraja lile lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili, zilizochorwa tangu siku ya kwanza. Mhandisi anayeanza na karatasi tupu anaweza kuwapa watu nafasi yao kwa gharama ndogo, kwa kuwa mihimili, nguzo na misingi yote hupimwa kwa pamoja. Anayepanua daraja la zamani hana uhuru huo, na madaraja mengi ya Uganda ni ya zamani.

Madaraja ya wakati wa uhuru na kabla yake yalipimwa kwa futi. Njia ya magari ilipewa futi 20 hadi 24 hivi, pembeni pakawekwa ukingo wa zege wa kukanyagwa kwa mguu mmoja, na kazi ikaisha. Ili kulipanua daraja la namna hiyo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kujenga daraja la pili kando yake na kugawa magari, kila daraja likibeba mwelekeo mmoja. Ndivyo ilivyofanyika kwa kiasi kikubwa katika Barabara ya Pete ya Kaskazini ya Kampala, ile ya kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, iliyofunguliwa mwaka 2009 ikiwa, kwa sehemu kubwa, na njia moja kila upande na ikaanza kupanuliwa mwaka 2014. Ya pili ni kuongeza mihimili na nguzo pembeni, kisha kushona sakafu mpya na ya zamani. Ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote, ni kuacha nguzo kama zilivyo na kutoa mabawa ya chuma au zege ubavuni, ili magari yachukue upana wote wa zamani na watu wapite juu ya mabawa.

Njia ya pili ndiyo niliyoiona kwa karibu, na inastahili kuelezwa kwa sababu watu hudhani ni suala la kumwaga zege tu. Kwanza ukingo wa sakafu ya zamani huvunjwa kwa uangalifu mpaka nondo zitokeze, kwa kuwa nondo hizo ndizo zitakazofungwa na nondo mpya. Zikikatwa, itabidi kutoboa matundu na kupachika nyingine kwa gundi maalumu ya kihandisi, na gharama hupanda. Kisha mihimili mipya husimamishwa na sakafu yake humwagwa, lakini haiunganishwi na ya zamani. Huachwa ukanda mwembamba, pengine wa mita moja, ukiwa wazi kwa majuma kadhaa. Zege la zamani limekwisha kunywea tangu enzi za babu zetu na misingi yake imekwisha kutulia, ilhali zege jipya bado linanywea na misingi yake bado inashuka kidogo kidogo. Ukiviunganisha mapema, vitavutana na kupasuka mahali pa mshono, kama kiraka cha kitambaa kipya kilichoshonwa kwenye kanzu iliyofuliwa mara nyingi. Siku ukanda huo unapojazwa, magari hupunguzwa mwendo au husimamishwa kabisa, kwa sababu mtikisiko wa lori upande wa zamani huzichezesha nondo ndani ya zege ambalo halijashika.

Katika shughuli hiyo yote, ubavu wa daraja huwa na wapangaji wengine. Kuna bomba la maji la mji na kuna nyaya za mawasiliano, na kila mmoja ana mwenyewe anayetaka barua, ramani na fidia. Bomba linapohamishwa, mara nyingi huwekwa pale palipokusudiwa njia ya watu, kisha hufunikwa kwa mabamba ya zege. Mabamba yakivunjika, watu hushuka barabarani. Nimeliona hilo mara nyingi mno hata siwezi kuliita bahati mbaya.

Wakati wa ujenzi hali huwa mbaya zaidi. Daraja hubaki na njia moja, na magari hupishana kwa zamu, huku kijana mwenye fulana ya kung'aa akiwa na kibao chenye upande wa kijani na upande mwekundu. Upande wa kijani ni wa magari ya kwenda na mwekundu ni wa magari ya kusubiri, lakini hakuna rangi ya mtu anayetembea. Mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa akipita kwetu kila asubuhi alisimama mbele yangu siku moja na kuniuliza, "Mwanangu, mimi napita na wa kijani au na wa mwekundu?" Nilimwambia, "Mama, subiri magari ya upande huu yaishe." Akacheka. "Yataisha lini?" Mpango wa usalama wa mradi ulikuwa na kurasa nyingi kuhusu koni, taa na vibao, na sentensi mbili kuhusu waenda kwa miguu, zote zikisema kwamba "watazingatiwa".

Nchi nzima ilipata somo la thamani ya daraja mara mbili ndani ya muda mfupi. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko ya Mto Katonga yaliharibu kivuko cha barabara ya Kampala kwenda Masaka, na magari ya magharibi yakalazimika kuzungukia Mpigi, Gomba na Sembabule. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963 na ambalo ndilo mlango wa kaskazini na wa eneo la West Nile. Lilifungwa kwanza kwa magari mazito, kisha kwa magari yote kuanzia mwezi wa Septemba 2024, na watu wa Arua, Nebbi na Pakwach wakaelekezwa njia ya Masindi na Paraa, kupitia mbugani. Magazeti yalijaa habari za nauli zilizopanda na bidhaa zilizochelewa, na ilikuwa haki. Lakini katika habari nyingi nilizosoma, kilichohesabiwa kilikuwa malori na mabasi. Mkulima wa karibu na Karuma ambaye shamba lake liko upande mmoja na soko upande wa pili hana njia ya mzunguko. Huwezi kumwelekeza mtu mwenye jembe begani apitie Paraa.

Sasa nije kwenye madaraja ya juu ya waenda kwa miguu, ambayo ni dawa inayotolewa kila barabara inapopanuliwa na kila ajali inapotokea. Watu wakigongwa, diwani huomba daraja la juu, mbunge huahidi daraja la juu, na likijengwa, na watu wakaendelea kukatiza chini, husemwa kwamba Waganda ni wavivu na wakaidi. Mimi nimepanda madaraja hayo na nimepiga hesabu yake. Ili lori lililobeba mzigo mrefu lipite chini bila kugusa, sakafu ya daraja inahitaji kuwa juu kwa takriban mita sita. Kwa ngazi zenye kimo cha sentimita 15, hizo ni ngazi 40 za kupanda na 40 za kushuka. Kwa mwinamo usio na ngazi, unaofaa kiti cha magurudumu, ambao kawaida yake ni kupanda mita moja kwa kila mita 12 za mwendo, ni mita 72 za kupanda na 72 za kushuka, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Barabara yenyewe, pamoja na sehemu yake ya katikati, huenda isizidi mita 25. Mtu huyo anaombwa kutembea zaidi ya mara sita ya umbali anaouona kwa macho yake, juani, na mkungu kichwani.

Utafiti uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1960 ulionyesha jambo ambalo bibi yangu angelisema bila utafiti: kupita darajani kukichukua muda uleule kama kukatiza chini, wengi watapita darajani, lakini muda ukizidi kwa nusu, karibu hakuna atakayepanda. Waingereza wale hawakuwa na mkungu kichwani. Kwa hiyo nikiona watu wa Kalerwe au Namungoona, jijini Kampala, wanaruka kizuizi cha katikati ya barabara iliyopanuliwa, ninachoona ni watu waliopima muda vizuri kuliko aliyewachorea. Upande mmoja ndiko wanakolala, upande wa pili ndiko soko, zahanati na msikiti, na barabara imepita katikati ya maisha yao ikiwa na kasi ya watu wanaokwenda kwingine.

Sisemi kwamba daraja la juu halina mahali pake. Kwenye barabara ya mwendo kasi iliyozungushiwa uzio, kama ile ya Entebbe iliyofunguliwa mwaka 2018, ambako hata boda-boda haziruhusiwi, hakuna njia nyingine ya heshima zaidi ya kupita juu au chini. Ninachopinga ni kuweka daraja la juu katikati ya mji, mahali ambapo gari ndilo lingepaswa kupunguza mwendo. Daraja la namna hiyo humhudumia dereva, kisha huandikwa katika taarifa kama msaada kwa mwenda kwa miguu. Usiku, lisipokuwa na taa, wanawake hulikwepa kwa sababu wanazozijua. Mchana, boda-boda hupanda mwinamo wake kukwepa foleni. Na vyuma vya kushikia, vikiwa vya aina inayouzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, havidumu.

Kuvuka chini kuna hesabu yake pia, na ni hesabu yenye matumaini zaidi. Chukua barabara ya njia nne, kila njia mita 3.5, jumla mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, hivyo anahitaji takriban sekunde 12. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 260 katika muda huo, na kutoka umbali huo, jioni, hakuna anayeweza kukisia kasi yake. Sasa weka katikati kisiwa cha zege chenye upana wa mita mbili, ambapo mtu anaweza kusimama na baiskeli yake. Anavuka mita saba, anapumzika, anatazama upande mmoja tu, kisha anavuka saba nyingine. Nafasi salama anayohitaji kati ya gari na gari imepungua kwa nusu. Ukiinua kivuko chenyewe kiwe tuta pana lililo sawa na kimo cha njia ya miguu, dereva anapunguza mwendo apende asipende, kwa sababu anajali springi za gari lake hata kama hajali sheria. Kisiwa na tuta hujengwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya daraja la juu, lakini havina utepe wa kukatwa.

Rangi nyeupe peke yake haitoshi. Vivuko vya pundamilia vya miji yetu huchorwa upya unapokaribia ugeni mkubwa, hufifia kabla ya mvua za pili, na dereva wa teksi anayesimama hapo hupigiwa honi na walio nyuma yake. Taarifa ya polisi ya mwaka 2024 ilitaja watu 5,144 waliokufa barabarani nchini, kutoka 4,806 mwaka uliotangulia, na kwa miaka mingi waenda kwa miguu wamekuwa takriban theluthi ya vifo hivyo. Mwaka 2025, serikali ilipoanzisha faini za kielektroniki pamoja na kikomo cha kilomita 30 kwa saa katika baadhi ya maeneo ya miji, malalamiko ya wenye magari yalikuwa makubwa kiasi kwamba mpango ulisitishwa baada ya muda mfupi tu. Viwango vya faini vilikuwa vikali, nakubali, na utaratibu wake ulikuwa na kasoro. Lakini kilomita 30 kwa saa ndiyo kasi ambayo mtu akigongwa ana uwezekano mkubwa wa kubaki hai, na katika mjadala wote ule redioni sikumsikia hata mpigaji simu mmoja aliyejitambulisha kama mwenda kwa miguu.

Si kwamba tumekosa maandishi. Uganda ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2012, inayotaka waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wafikiriwe tangu hatua ya kubuni barabara. Jijini Kampala, sehemu ya Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum ilitengenezwa upya kwa ajili ya miguu na baiskeli, na ijapokuwa wachuuzi na boda-boda wanaiingilia, yeyote aliyepita hapo akielekea eneo la maegesho ya teksi anajua tofauti yake na mitaa ya jirani. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kuibeba sera hiyo hadi kwenye fomu ya karani. Katika mradi ule niliokuwa karani, hesabu zetu zilifanywa siku za kazi, kutoka asubuhi hadi jioni. Soko la mahali pale lilikuwa Jumamosi. Wavuvi walipita kabla hatujafika, na waliotoka zamu ya usiku kiwandani walipita tulipokwisha ondoka. Ijumaa saa saba mchana watu waliokwenda msikitini walijaa darajani ukingo kwa ukingo, na karani aliyekuwa zamu siku hiyo aliandika alama zake mpaka safu ya "Mengineyo" ikaishiwa nafasi, akaendelea nyuma ya karatasi. Ofisini waliingiza kwenye kompyuta upande wa mbele.

Mradi wowote mkubwa wa barabara nchini hutakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira na jamii, na katika hatua hiyo wananchi huitwa kwenye mkutano, mara nyingi chini ya mti karibu na ofisi ya kata. Mhandisi huja na picha za rangi zinazoonyesha barabara kutoka angani. Picha hizo hazisaidii sana. Mwombeni, kwa adabu na kwa msisitizo, mchoro wa mkato wa daraja, ule unaoonyesha upana kutoka ukingo hadi ukingo, kisha tafuteni namba iliyoandikwa juu ya njia ya miguu. Mita 1.5 ni kiasi cha watu wawili kupishana wakiwa mikono mitupu. Penye soko, mikokoteni na wanafunzi, mita mbili ni kidogo. Ulizeni bomba la maji litapita wapi, vyuma vya kushikia vitakuwa vya aina gani, na watu watavukia wapi katika miezi ya ujenzi. Ulizeni watu walihesabiwa siku gani na saa ngapi, na kama siku hiyo haikuwa ya soko, ombeni ihesabiwe tena. Maswali hayo hujibika kwa kalamu na kifutio mradi mkataba haujatiwa saini. Baada ya saini, kila nusu mita huwa dai la nyongeza, lenye barua zake, bei yake na mkandarasi anayesubiri majibu huku mashine zake zikilipiwa kwa siku.